Kabla hujarusha skrinshoti ya tapeli kwenye grupu

Mwaka jana mama yangu mdogo alitapeliwa laki tatu na arobaini kwa simu. Mtu kampigia kajifanya wa huduma kwa wateja, kamwambia kuna hela imeingia kwake kimakosa, kamwelekeza bonyeza hiki bonyeza kile, hela ya kikoba yote ikaondoka. Kilichoniuma zaidi lakini ni kilichofuata. Mama mdogo kwa kuchanganyikiwa akapiga skrinshoti ya meseji ya muamala akaitupa kwenye grupu la mtaa kuomba msaada, na humo ndani kuna namba ya kumbukumbu, kiasi, saa mpaka dakika na salio lililobaki, na jina lake na namba yake ya simu si zinaonekana hapo hapo juu ya meseji, grupu la watu mia na themanini ambao nusu yao hatuwajui hata sura. Wa kwanza kujibu aliweka emoji za kucheka. Wa pili akaandika "mama, haya mambo yanatangazwa kila siku jamani". Kesho yake asubuhi akapigiwa na mtu anayejua jina lake, anajua kiasi kilichoibwa, anajua mpaka kumbukumbu ya muamala, akamwambia sisi ni kitengo cha kurejesha fedha, tuma elfu hamsini ya kufungua faili lako. Akatuma.

Yaani ameibiwa mara mbili, na ile ya pili sisi ndio tulimfungulia mwizi mlango.

Ndio maana niliwafuata maadmini nikawaambia kabla hatujaendelea kufundishana mambo ya usalama wa mtandao tukubaliane kwanza tunayaongeaje. Cha kwanza nilichong'ang'ania, na mpaka leo nakiona kikubwa kuliko vyote, ni kwamba hakuna kumcheka aliyetapeliwa. Hata emoji. Watu wanadhani hilo ni suala la adabu tu, hapana, ni usalama wenyewe. Mtu akishaona wenzake wanachekwa, siku ikimfika yeye atanyamaza, na dakika za mwanzo ndizo zenye thamani, ukiwahi kuwapigia kampuni ya simu hela ikiwa bado haijatolewa kwa wakala kuna uwezekano wa kuizuia, ukikaa na aibu yako mpaka jioni hakuna kitu tena. Tapeli anaishi kwa aibu ya watu.

Cha pili ni picha. Nilianza kwa kusema fichani namba kabla hamjatuma, nikaja kugundua haitoshi. Wengine wanapaka ile kalamu ya wino mwepesi iliyopo kwenye simu, ukiongeza mwanga wa picha kidogo tu tarakimu zote hizo hapo. Na hata kukata picha kuna mambo yake, mwaka 2023 iligundulika kwamba skrinshoti zilizokatwa kwa programu ya kuhariri iliyokuja na simu za Google Pixel zilikuwa zinabaki na sehemu ya picha ya zamani ndani ya faili, mtu mwenye ujuzi anaweza kuirudisha, na tatizo hilo lilikuwepo tangu 2018. Miaka mitano watu wanajua wamekata kumbe hawajakata! Kwa hiyo tukaamua bora kuandika kwa maneno. "Nimepigiwa na mtu anajiita wa kampuni ya simu, kanibonyezesha, hela imetoka saa nne asubuhi." Inatosha kabisa, tunaweza kukusaidia bila kujua salio lako. Na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndio usiiweke popote, katika zile tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mtu akiisoma tu kashajua kitu ambacho watu kibao wanakitumia kama namba ya siri.

Hapa kwenye namba ya tapeli ndipo tulipobishana sana. Wengi walitaka tuianike, jina lililotokea, picha ya profaili, "sambaza sana huyu ni mwizi". Nawaelewa, hasira ninazo na mimi. Lakini fikiria, hapa Tanzania tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo tapeli akitaka laini anahitaji kidole cha mtu, na hawezi kutumia cha kwake. Anapata wapi? Unaenda kwa wakala wa mwavuli kusajili laini moja, anakwambia kidole hakijasoma rudia, hakijasoma rudia tena, umeondoka na laini moja yeye kabaki na mbili za jina lako. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, mimi nilipowaambia watu wa grupu wafanye hivyo dada mmoja alikuta namba tatu asizozijua. Sasa tungekuwa tumeianika mojawapo, yule dada ndiye angekuwa mwizi wa mtaa mzima. Tapeli anabadilisha laini kama soksi, mwenye jina anabaki na matusi. Namba ya tapeli inatumwa 15040, namba ya kuripoti matapeli, na polisi, kwenye grupu haiji.

Anayesema "njoo inboksi nikusaidie" tunamtilia shaka hata kama ni jirani, msaada unatolewa mbele ya wote ili akikosea wengine wamsahihishe. Zile tarakimu sita ambazo WhatsApp inakutumia kuthibitisha namba yako haombwi mtu, na PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp kila mtu aweke.

Halafu kuna kijana wetu mmoja mzuri sana wa kompyuta, aligundua kwenye mfumo wa shule fulani ukibadilisha namba ya mwisho kwenye linki unaona taarifa za mtoto wa mtu mwingine, namba za wazazi na kila kitu. Akairusha linki. Nia njema, ila watoto wote wakawa wazi kwa mia na themanini. Tukamwomba afute, tukamsindikiza kwa mwalimu mkuu. Timu ya Project Zero ya Google, inayotafuta kasoro za usalama kwenye programu, huwapa wenye programu siku 90 kurekebisha kabla ya kutangaza undani wa kasoro, na sisi tumechukua mtindo huo huo, mwenye mali anaambiwa kwanza. Nilimkumbusha pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, hivyo ukishaona mlango uko wazi usiendelee kuzunguka ndani kuhesabu vyumba.

Kitu ambacho bado kinatusumbua ni sauti. Wazee wengi hawaandiki, wanarekodi, na kwenye kurekodi kwa hofu mtu anajikuta ametaja kila kitu, namba, jina la benki, mpaka salio. Tulijadili wiki nzima bila jibu. Mwishoni mama mdogo akasema mzee yeyote asiyeweza kuandika ampigie yeye saa yoyote hata usiku, atamwandikia kwenye grupu bila kumtaja. Mpaka sasa wamempigia wanne.