Mpangaji wa nyumba ya umma aulizwe kabla fundi hajapanda juu ya paa

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja mjini Aarhus, Denmark, na muda wote huo nimepanga nyumba ya chama cha makazi kisichofanya biashara ya faida. Nyumba za namna hiyo ni takriban moja katika kila tano nchini humo, na wakazi wake wanakaribia milioni moja. Kabla ya hapo nilikulia Mtwara, kwa mjomba wangu, katika kota ambayo yeye na mkaza mjomba wanaipanga mpaka leo. Taasisi ya umma inayoimiliki kota hiyo sitaitaja, kwa sababu ninalolieleza halikuanzia katika ofisi moja. Ni desturi ambayo wengi wetu tumezaliwa tukaikuta na tukaacha kuiona.

Mwaka juzi nilipokwenda likizo nilikuta mapaa ya kota yamebadilishwa. Mabati ya zamani yalikuwa yameliwa na chumvi ya bahari, na kila mpangaji niliyezungumza naye aliishukuru kazi ile. Hata hivyo, mafundi walipoyang'oa mabati waliziondoa na gata za maji ya mvua, na gata hizo hazikurudishwa. Mtwara tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, na maji ya bomba katika kota ile hutoka siku yanapotaka. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na tangi au mapipa yaliyokaa chini ya paa. Tangi la mkaza mjomba bado limesimama juu ya kitako cha zege ambacho mjomba alikijenga kwa fedha zake. Nililigonga kwa kiganja, likalia tupu, na hiyo ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimepamba moto. Hatua moja kutoka hapo, matone ya paa jipya yalikuwa yamechimba mfereji mwembamba kandokando ya msingi, na tope lilikuwa limerukia ukuta uliopakwa chokaa mpaka usawa wa goti. Maji ambayo zamani yalipikiwa wali sasa yanaula msingi wa nyumba.

Nilimuuliza mjomba kama waliulizwa kabla ya kazi kuanza.

"Tuliona ngazi, mpwa wangu," alinijibu. "Asubuhi tumeamka, ngazi ipo ukutani."

Mwanamke yeyote wa kota ile angeulizwa kwa dakika tano tu, angesema kwamba paa bila gata halimfai. Siamini kwamba mhandisi aliyechora kazi ile alikuwa mtu mbaya au mzembe. Alikosa jambo moja ambalo halipatikani katika michoro, nalo ni ujuzi wa watu wanaolala chini ya paa hilo, na hakuna kanuni iliyomlazimu kwenda kuwauliza.

Huku Aarhus kanuni hiyo ipo, na imeandikwa katika sheria. Wapangaji wa kila eneo la makazi hufanya mkutano wao, na mwaliko wake hutolewa si chini ya wiki nne kabla. Mpangaji mwenye hoja anaweza kuiwasilisha mpaka wiki mbili kabla ya siku hiyo, na bajeti hufikishwa kwa kila nyumba mapema ili watu waisome. Kila kaya ina kura mbili, awe anaishi mtu mmoja au wanaishi saba. Mkutano ndio unaopitisha bajeti, ndio unaochagua kamati ya wapangaji, na ndio unaoamua kanuni za kuishi pamoja, kuanzia ufugaji wa mbwa hadi zamu za chumba cha kufulia. Katika bodi ya chama chenyewe, wapangaji ndio wengi.

Nakumbuka mkutano wetu uliojadili madirisha. Tulipewa karatasi yenye aina tatu za madirisha, bei ya kila aina, na kiasi ambacho kodi ya kila nyumba ingepanda kwa mwezi. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini alisimama akauliza mkopo ungelipwa kwa miaka mingapi, na mhasibu akamjibu mbele yetu sote. Tulizikataa aina ya bei ya juu na aina ya bei ya chini, tukachagua ya kati, na mimi mwenyewe nilinyoosha mkono kukubali kodi yangu ipande. Nataja hilo kwa sababu viongozi wengi nyumbani wanaogopa kwamba mpangaji akipewa kura atapinga kila nyongeza. Mtu anayepinga nyongeza mara nyingi ni yule ambaye hajawahi kuonyeshwa fedha zake zinakwenda wapi. Mjomba hulipa kila mwezi kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, anapata risiti kwenye simu, na kwa zaidi ya miaka ishirini hajaona hata ukurasa mmoja unaoeleza kiasi gani cha kodi kilirudi katika kota yao kama matengenezo.

Kuna jambo jingine dogo linaloniuma kila nikikumbuka kile kitako cha zege. Mpangaji wa huku, akiiboresha nyumba kwa kufuata utaratibu, ana haki ya kufidiwa sehemu ya gharama anapohama. Mjomba akihama kesho, zege lake litabaki pale kama sadaka.

Sitaki kuipamba Denmark kuliko inavyostahili. Mikutano mingi huhudhuriwa na wachache, na wahamiaji kama mimi tunakaa miaka kadhaa kabla ya kuthubutu kuzungumza kwa lugha ya watu. Zaidi ya hapo, mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria inayoyataka baadhi ya maeneo yenye wakazi wengi wenye asili ya nje ya nchi za Magharibi yapunguze nyumba za familia za aina hii mpaka zisizidi asilimia 40 ifikapo 2030. Katika mtaa wa Gellerup, hapa Aarhus, majengo kadhaa yamebomolewa. Wapangaji wa mtaa wa Mjølnerparken mjini Copenhagen walikwenda mahakamani kuupinga mpango uliotokana na sheria hiyo, na suala hilo lilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Kura ya mkutano wa wapangaji haikuweza kuizuia sheria ya nchi. Lakini watu wale walipoanza kudai walikuwa tayari na kamati, mihuri, mihutasari na uzoefu wa kuzungumza kwa sauti moja, na hivyo ndivyo vitu ambavyo kota ya mjomba haina.

Tanzania hatuanzi kutoka sifuri. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Tuna mikutano ya mtaa, na mjomba huhudhuria, ila mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka juu ya paa la taasisi. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya husikiliza mgogoro ukishazuka, ilhali mpangaji anahitaji kusikilizwa kabla haujazuka. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo imewapa wamiliki wa ghorofa chombo chao cha pamoja, nayo ni sheria nzuri, ila mpangaji hayumo. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji hutegemea zaidi mkataba wake, ambao kwa kawaida umeandikwa na upande mmoja.

Wapo watakaosema kwamba Denmark ni tajiri na Mtwara haiwezi kuiga. Gata ni gharama, nakubali. Tangazo la wiki nne kwenye mlango, kikao chini ya mwembe, na karatasi moja ya mapato na matumizi ya kota havihitaji utajiri wa Denmark. Kazi ya paa ile, kama ingetanguliwa na kikao, ingekuwa nafuu zaidi, kwa sababu sasa taasisi italazimika kutengeneza na misingi.

Mwezi uliopita wapangaji kumi na wanne wa kota ile walitia saini barua ya kuomba kikao na wenye nyumba pamoja na kutambuliwa kwa kamati yao. Nakala ya mjomba imegongwa muhuri wa kupokelewa, jibu bado. Aliponipigia simu alitaka nimsomee kwa Kiswahili mwaliko wa mkutano wetu wa huku, neno kwa neno, na nilimsikia akiandika kwenye daftari. Tulipofika penye wiki nne alinisimamisha, akaniuliza kama nina hakika ni wiki na si siku. Nikamwambia ni wiki. Akahesabu kwa sauti, akirudi nyuma kutoka Desemba, mvua zinapoanza, ili ajue taasisi inapaswa kuwa imejibu lini.