Nilisema "Mama" Mara Moja Tu

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kuisambaza video ya Jumamosi, ya mimi nikianguka na pikipiki sheli, katika kila kundi la WhatsApp alilomo, na kwa kuwa jana usiku mama mkwe mwenyewe alinipigia simu kutoka Ilula, Iringa, kunipa pole akashindwa kuimalizia kwa kicheko, nimeona ni haki yangu na mimi kueleza yaliyotokea pale sheli kabla maelezo ya shemeji hayajawa ndiyo historia. Wale mlioanza kunitumia picha za ng'ombe waliolala, nimewaona, na majina nimeyahifadhi.

Safari yenyewe mnaifahamu. Mwishoni mwa Juni tunatoka Munich kwa pikipiki mbili, tunaingia Austria na kuipanda barabara ya Grossglockner hadi Hochtor, mita 2,504 juu ya usawa wa bahari. Tunashuka Italia, tunapanda Stelvio, mita 2,757, kwa upande wa Prato wenye kona 48 za kujikunja. Kisha tunapita Uswisi kwa njia ya Furka na kurudi nyumbani. Shemeji ni mtu wa karatasi. Ni yeye aliyenunua stika za ushuru wa barabara kuu za Uswisi kwa faranga 40 kila moja, ni yeye aliyekumbuka kwamba Austria inamtaka hata mwenye pikipiki awe na mfuko wa huduma ya kwanza, na ni yeye aliyeniamsha usiku nikasome kisanduku cha U.1, chenye kiwango cha kelele za pikipiki, kwenye cheti cha usajili, kwa sababu tangu mwaka 2020 wilaya ya Reutte kule Tirol, Austria, inazifungia baadhi ya barabara zake wakati wa kiangazi pikipiki ambazo kelele zake, zikipimwa pikipiki ikiwa imesimama, zinazidi desibeli 95. Yangu iko chini ya hapo. Kelele zote za Jumamosi zilitoka kwangu mimi.

Kazi hiyo ya karatasi nilimwachia kwa moyo mweupe, kwa kuwa mimi nilijihesabu mtaalamu wa mzigo. Kabla ya kuja Ulaya nilikuwa bodaboda Ilula, nikisomba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni na kuupanda nao Mlima Kitonga kwa pikipiki ya cc 125, lori likinipumulia nyuma na jingine likishuka mbele. Kwa hiyo shemeji aliponieleza kwamba masanduku ya pembeni yanatakiwa kulingana uzito, na kwamba si busara kuweka jiko la gesi, sufuria, mwiko, unga wa sembe na kopo la dagaa wa kukaanga katika sanduku la kushoto huku la kulia likiwa na soksi na mfuko wa kulalia, nilimjibu kwamba Kitonga haikuwahi kunidai mizani. Jibu hilo pia limo kwenye video, kwa sababu kamera ya helmeti yake inarekodi na mazungumzo tunayofanya kwa vinasa sauti vya ndani ya helmeti.

Jambo ambalo sikulipa uzito ni kwamba ile ya Ilula niliweza kuikalia huku nyayo zote mbili zikiwa chini, ilhali hii ya sasa, ambayo tangi likijaa ina kilo kama 250 kabla hujapakia hata kijiko, inaniachia ncha za vidole tu.

Tulikubaliana kufanya zoezi la mzigo kamili: tuvae kila kitu, tufunge kila kitu, tujaze mafuta, kisha tujaze upepo kwa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko, bar 2.9 tairi la nyuma. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa nimevaa hadi bitana ya baridi, maana kule Stelvio theluji inaweza kukukuta hata Julai. Mashine ya upepo ilikuwa pembezoni kabisa mwa uwanja wa sheli, na ili kuifikia ilinibidi kupita mbele ya kundi la waendesha pikipiki waliokuwa wakinywa kahawa, wote wamevaa ngozi, wote wazee kuliko mimi, na wote hawana shughuli nyingine isipokuwa kutazama. Nikawapungia mkono wa kushoto, kama ilivyo desturi huku. Wakanipungia. Nikakata kona kushoto kwa mwendo wa mtu anayetembea na, usukani ukiwa bado umekatwa, nikabana breki ya mbele.

Wanaoendesha pikipiki wameshafumba macho. Wengine subirini.

Pikipiki ilisimama, ikainama kidogo kushoto, upande wa sufuria. Nikashusha mguu. Mguu ukashuka, ukaendelea kushuka, kwa sababu waliojenga sheli ile waliweka mfereji wa maji mahali pale pale nilipotarajia kuikuta ardhi. Kuna pembe ambayo kabla yake unaizuia pikipiki kwa paja, na baada yake hata wanaume watatu hawaizuii. Niliivuka pembe hiyo nikiwa na akili zangu timamu. Nikavuta usukani kwa mikono miwili hadi glavu zikalia. Nilipata muda wa kumwona mzee mmoja anayenyanyua kikombe, na kukiona kikombe kikisimama kabla ya kufika mdomoni. Nilipata hata muda wa kuwaza kwamba, kwa jinsi inavyoanguka taratibu, labda watadhani nimekusudia. Pikipiki ilijilaza kama ng'ombe aliyepata kivuli, bila haraka na bila kuniomba ruhusa, nami nikaenda nayo, na hapo ndipo lile neno lilipotoka.

Ndugu zangu, nilisema "mama". Sikusema "mama nakufa", wala "mama njoo unichukue", kama shemeji alivyoandika chini ya video. Sikilizeni tena kwa sauti ya juu mtathibitisha.

Sanduku lilizuia uzito usiufikie mguu wangu, Mungu ni mwema, lakini mkanda wa buti ulinasa kwenye kikanyagio, nikabaki chali, nimefungwa kila zipu, nikitazama mawingu. Kifuniko cha sanduku kilifyatuka. Mwiko uliviringika hadi kwenye pampu ya dizeli, na kopo la dagaa likafunguka karibu na sikio langu. Akatokea bibi mmoja na mbwa mfupi wa masikio marefu. Mbwa hakubweka wala hakushangaa. Aliinamisha kichwa akaanza kula dagaa wa Mwanza, mmoja mmoja, akitafuna kwa utulivu, huku bibi akiniuliza kwa adabu kama ninakwenda mbali.

"Stelvio," nikamjibu kutoka chini.

Aliitazama pikipiki, akamtazama mbwa, akanitakia safari njema.

Yaliyofuata hayana maana sana. Wazee wawili waliinyanyua pikipiki kwa kuipa mgongo na kurudi nyuma hatua kwa hatua, mkono wa klachi ulivunjika na mwingine umeagizwa, kiti kimeshushwa, na masanduku amepakia upya shemeji, ambaye katika muda wote niliokuwa chini alikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, akitafuta engo nzuri.

Tunaondoka kama ilivyopangwa, maana stika ya Uswisi ikishabandikwa hela hairudi. Ninachoomba ni kimoja: ikiwa kuna anayetoka nyumbani Tanzania kuja Munich kabla ya mwisho wa Juni, aniletee dagaa waliokaangwa, kilo mbili zinatosha, na tafadhali anikabidhi mimi mwenyewe mkononi, si shemeji.