Mpangilio wa baiti kwenye kerneli: tugeuze mpakani au tuiachie kila prosesa mpangilio wake?

Namba inayochukua baiti zaidi ya moja inaweza kuandikwa kwa kutanguliza baiti yenye thamani kubwa au yenye thamani ndogo, na mashine hazikubaliani. Chukua namba 80, poti ya wavuti tunayoijua sote. Ikiandikwa kwa baiti mbili za heksadesimali ni 00 50. Prosesa inayotanguliza baiti ndogo, kama x86 (familia ya prosesa za Intel na AMD), ikizichukua baiti hizo zilivyotoka mtandaoni bila kuzigeuza, itasoma 20480. Kompaila haitoi onyo wala mashine haizimiki. Pakiti inakwenda kugonga mlango usio na mtu. Kwenye programu ya kawaida hilo ni usumbufu. Kwenye kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ni hatari, kwa sababu namba hiyohiyo ingeweza kuwa anwani ya bloku ya diski inayosubiri kuandikwa.

Usidhani anayeandikia x86 peke yake amesalimika. Itifaki za intaneti hutanguliza baiti kubwa. PCI na USB, njia za kuunganisha vifaa na kompyuta, hutanguliza ndogo. XFS, mfumo wa kupanga mafaili, huandika diskini baiti kubwa kwanza, urithi wa mashine za kampuni ya SGI ilikozaliwa. ext4, mfumo mwingine wa mafaili, huandika ndogo kwanza, lakini jbd2, sehemu inayotunza daftari lake la mabadiliko, huandika kubwa kwanza, kwenye diski ileile.

Njia ya kerneli ya Linux ni kugeuza mpakani, pale data inapoingia au kutoka. Thamani inayotoka nje hupewa aina inayotaja mpangilio wake, __le32 (biti 32, ndogo kwanza) au __be32 (kubwa kwanza), na haiguswi mpaka ipitie kigeuzi chake, le32_to_cpu au be32_to_cpu. Ukijumlisha __be32 na namba ya kawaida, sparse, kikaguzi cha msimbo alichokianzisha Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwaka 2003, kitakuonyesha mstari wenyewe. Prosesa ikiwa tayari ina mpangilio huo, ugeuzaji hauzalishi amri yoyote. Ikiwa haina, x86 ina amri ya kugeuza, bswap, tangu enzi za prosesa ya 486, na PowerPC ina amri za kusoma na kugeuza kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo hoja ya kasi, ambayo bado naisikia, sioni kama ina uzito.

Hoja nzito zaidi ni ile ya mfumo wa mafaili wa ZFS. Yenyewe huandika kwa mpangilio wa mashine iliyopo na kuweka alama ya mpangilio uliotumika. Msomaji hugeuza pale tu alama isipofanana na mashine yake. Diski ikitoka kwenye prosesa ya SPARC, inayotanguliza kubwa, kwenda x86 inasomeka. Ni kazi safi na imedumu. Hata hivyo, kila muundo wa data unahitaji msimbo wake wa kugeuza, na njia hiyo hupitiwa pale tu diski inapohama kati ya mashine zisizofanana. Msimbo unaopitiwa mara moja kwa miaka kadhaa ndio ninaouogopa kuliko wote. ext2, mtangulizi wa ext4, iliwahi kuonja jambo hili: Linux ilipopelekwa kwenye prosesa za Motorola za familia ya 68000, diski ziliandikwa kwa mpangilio wa prosesa hizo. Baadaye ikaamuliwa ndogo kwanza kila mahali, na e2fsck, programu ya kukagua diski hizo, ikapewa chaguo la -s la kuzigeuza diski za zamani.

Wapo pia wanaosema vita vimekwisha: prosesa za ARM karibu zote zinaendeshwa ndogo kwanza, Linux kwenye prosesa za Power za IBM imehamia huko, na mwaka 2025 Torvalds alikataa kuingiza kwenye Linux prosesa za RISC-V za kubwa kwanza. Nakubaliana naye kwamba hatuna haja ya kuongeza aina mpya ya mashine ya kutunza. Lakini mashine kubwa za s390x za IBM, zinazotanguliza kubwa, bado zipo, na hata zingetoweka kesho, kichwa cha pakiti ya IP kingebaki kilivyo.

Mahali ninapowapa haki wapinzani wa njia ya Linux ni hapa: sparse si sehemu ya ujenzi wa kawaida, na mwenye haraka anaweza kuinyamazisha kwa neno __force. Aina zinathibitisha kwamba uligeuza. Hazithibitishi kwamba uligeuza kitu sahihi.

Tena zipo sehemu zisizofikiwa kabisa. Baiti ya kwanza ya kichwa cha IPv4 kwa kawaida ni 0x45: nne ni toleo, tano ni urefu wa kichwa kwa maneno ya baiti nne nne. Kwenye muundo wa iphdr wa Linux sehemu hizi mbili zimetangazwa kama vipande vya biti (bit fields, sehemu ndogo kuliko baiti), na kwa kuwa C huiachia kompaila uamuzi wa kipi kitangulie, tangazo limeandikwa mara mbili kwa #if, sharti linalochagua lipi litumike, toleo kwanza upande mmoja, urefu kwanza upande wa pili. le32_to_cpu haina la kufanya hapo, kwani ni baiti moja tu. Mwandishi wa draiva, programu inayoendesha kifaa, akiiga mtindo huo na kusahau upande mmoja, sparse haitamwambia chochote.

Kwa msimbo mpya ningekataa vipande vya biti kwenye data yoyote inayovuka mpaka. Soma baiti nzima, isogeze kulia biti nne upate toleo. Ichuje kwa 0x0f upate urefu, uzidishe kwa nne. Kwa 0x45 utapata toleo la 4 na kichwa cha baiti 20, kwenye x86 na kwenye s390x, bila #if hata moja.