Kulinda uzito msimu wa sikukuu si kushindwa

Sikukuu zinapokaribia, mtu anayepunguza mwili hupewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza unasema usilegeze kamba: mpango uliokushusha kilo tano ndio huohuo utakaokuvusha hadi mwaka mpya, na mizani iendelee kushuka nusu kilo kila wiki kama kawaida. Wa pili unasema wiki hizi usitafute kupungua. Tafuta kutoongezeka, kisha uendelee pale ulipoishia.

Huu wa pili ndio unaoeleweka vibaya. Wengi wakiusikia wanadhani ni ruhusa ya kula hovyo, na anayeufuata huonekana amekata tamaa. Naona anaonewa. Lakini wanaokataa kulegeza nao wana hoja nzito, na si haki kuipita juujuu.

Hoja yao inaanza na kalenda. Hakuna anayenenepa kwa mlo wa siku moja. Msimu wa sikukuu, hata hivyo, si siku moja. Kuna hafla ya kazini, wageni, mwaliko wa jirani, mabaki yaliyojaa friji, keki iliyoletwa ofisini na mtu mwenye moyo mwema. Ukihesabu tangu mwaliko wa kwanza hadi mabaki ya mwisho unakaribia wiki sita, na wiki sita ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwaka mzima. Anayesema "ni sikukuu tu" amepunguza hesabu.

Wana pia ushahidi. Mwaka 1994, Rena Wing na James Hill walianzisha nchini Marekani rejista ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa na uzito huo mpya mwaka mmoja au zaidi. Walipochunguzwa namna wanavyokula, ilionekana kwamba waliokula kwa utaratibu uleule siku zote za wiki walikuwa na uwezekano mara moja na nusu zaidi wa kubaki karibu na uzito wao katika mwaka uliofuata, kuliko waliojibana siku za kazi na kulegeza mwishoni mwa wiki. Mazoea yana nguvu yake, na kila unapoyavunja unalipa kidogo ili kuyarudisha. Hilo silipingi.

Ila utafiti mwingine, wa mwaka 2008, uliwafuata watu wa namna hiyo katika msimu wa sikukuu na kuwalinganisha na watu wasiowahi kuwa na uzito mkubwa. Wale waliowahi kupungua waliingia msimu wakiwa wamejipanga zaidi, na zaidi ya robo yao waliazimia kujibana sana katika chakula. Bado, karibu 39 kati ya kila 100 walitoka na kilo moja au zaidi ya nyongeza, wakati kwa kundi la pili walikuwa kama 17 kati ya 100. Wakali wa nidhamu husoma matokeo haya kama onyo: wewe uliyepungua uko kwenye hatari kubwa kuliko mwenzako, kwa hiyo kaza zaidi. Mimi nayasoma tofauti kidogo. Hawa ni watu waliokwisha kaza, tena kuliko wote, na nyongeza ikawapata. Azimio la kukaza peke yake halikuwa kinga ya kutosha.

Ipo namba moja ambayo nadhani inastahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko nyingine zote katika mjadala huu, nayo ni 0.37. Machi 2000, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Jack Yanovski na wenzake waliowapima watu wazima 195 kabla ya msimu wa sikukuu, katikati yake na baada yake. Wastani wa nyongeza kati ya katikati ya Novemba na Januari ulikuwa kilo 0.37. Haufiki hata nusu kilo. Miaka 18 baadaye, katika utafiti tofauti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kundi ambalo halikupewa msaada wa maana liliongezeka kwa wastani wa kilo 0.37. Nchi nyingine, watu wengine, namba ileile.

Tuipasue namba hii. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Kilo 0.37 ni kama kalori 2,850. Zigawe kwa siku 42 za wiki sita, unapata kalori 68 kwa siku, sawa na vijiko vinne vya chai vya sukari. Vijiko viwili katika kikombe cha asubuhi na viwili katika cha jioni, vilivyoongezeka kwa sababu kuna wageni na kila mtu anakunywa chai tamu. Au kama nusu ya kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia. Kuifikia nyongeza ya kawaida ya msimu hakuhitaji ulafi. Ule upungufu wa kalori 500 kwa siku ambao mtu hujiwekea ili apungue nusu kilo kwa wiki ni mkubwa zaidi ya mara saba ya marekebisho yanayohitajika ili asiongezeke. Lengo la kwanza linadai kushindana na kila sahani, na la pili linadai kujua vile vijiko vinne vilipita wapi.

Mtu atauliza: kama ni ndogo hivyo, ya nini kuhangaika? Kwa sababu haiondoki. Yanovski na wenzake waliwapima tena 165 kati ya watu wale mwaka ulipotimia, na nyongeza ya mwaka mzima ilikuwa kilo 0.62. Zaidi ya nusu yake iliingia katika zile wiki chache. Tuseme mtu wa kawaida katika kundi lile angesimama tu msimu ule, asipungue hata gramu moja. Angekuwa amejikinga na sehemu kubwa ya unene wa mwaka mzima, na rudia hilo miaka kumi au ishirini, ndipo utaona tofauti kati ya nguo zinazokutosha na zile ulizokwisha kuzigawa. Kwa hiyo nashindwa kumwelewa anayesema kusimama ni kushindwa. Kwa hesabu hii, kusimama katika msimu ambao wengi wanapanda ni kazi iliyofanyika.

Wastani, ni kweli, huficha watu. Wachache, chini ya mmoja kati ya kumi, waliongezeka kilo 2.3 au zaidi, na waliokuwa tayari na uzito uliozidi ndio walioelekea zaidi kuwa miongoni mwao. Kwao namba si ndogo, na mkali wa nidhamu yuko sahihi kuwahofia.

Kuna jambo jingine katika utafiti ule. Watu walipoulizwa, walidhani wameongezeka zaidi ya walivyoongezeka kweli, kwa tofauti ya karibu kilo moja na nusu. Sishangai. Mtu akila na kunywa vizuri usiku, asubuhi anapanda mizani na kukuta imeruka kilo moja na nusu. Ili hiyo iwe mafuta, angepaswa kula zaidi ya kalori 11,000 juu ya mahitaji yake ya siku, jambo ambalo mlo wa kawaida wa sherehe, hata ukiwa mzito, haulikaribii. Kilichopanda ni chakula ambacho hakijatoka tumboni, maji yaliyoshikwa na chumvi, na glaikojeni, yaani akiba ya wanga ambayo mwili huweka kwenye misuli na ini, kila gramu yake ikiambatana na takriban gramu tatu za maji. Akirudi kwenye mlo wake wa kawaida, siku tatu au nne baadaye sehemu kubwa ya hayo imeondoka.

Lakini yeye hangoji siku tatu. Ameshajihukumu. Waswahili husema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na ndivyo anavyofanya: mpango umeharibika, basi na uharibike wote, nitaanza upya mwezi ujao. Tabia hii si ngeni kwa watafiti. Mwaka 1975, Herman na Mack waliwapa baadhi ya wanafunzi maziwa matamu mazito kabla ya kuwaruhusu kula aiskrimu kwa kadiri watakavyo. Wasiojibana katika chakula walipunguza aiskrimu baada ya maziwa, kama unavyotarajia kwa mtu aliyekwisha shiba. Waliozoea kujibana walifanya kinyume: baada ya kunywa maziwa ndipo walipokula aiskrimu nyingi zaidi. Mpaka ulikuwa umevukwa, na hawakuona tena sababu ya kulinda chochote.

Hapa ndipo hoja ya kukaza hadi mwisho inaponitia wasiwasi mkubwa. Lengo la kupungua kila wiki katikati ya sherehe lina mpaka mwembamba, na unavukwa na mlo mmoja. Kalori 1,000 za ziada siku ya sikukuu hufuta upungufu wa siku mbili, na anayedai nusu kilo kila wiki atasoma hilo kuwa ni kuanguka. Aliyelenga kusimama ana nafasi ya kupumua. Anapanda kidogo Jumamosi, anapungua kidogo Jumanne, na bado yuko ndani ya lengo lake. Anachopoteza akilinganishwa na aliyefanikiwa kukaza ni muda: wiki sita za kuchelewa kufika. Anayeacha kabisa hupoteza vyote viwili, muda na kilo alizokwisha kuziondoa.

Je, mapumziko ya makusudi hayamwachishi mtu? Hofu hiyo ina mantiki, na Wing, yuleyule wa rejista, pamoja na mwenzake Jeffery, waliijaribu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 waliwaamuru baadhi ya washiriki wa mpango wa kupunguza uzito wasimamishe juhudi, ama kwa wiki sita mfululizo au kwa vipindi vitatu vya wiki mbili mbili. Walitaka kuona jinsi watu wanavyoporomoka. Hawakuporomoka. Walirudi kazini, na mwisho wa yote hawakutofautiana na wale ambao hawakupumzika. Mwaka 2018 ukaja utafiti wa Australia kwa wanaume 51: waliobadilishana wiki mbili za kupungua na wiki mbili za kulinda uzito walipoteza kilo 14.1, na waliokaza mfululizo kilo 9.1. Huu wa pili siupi uzito mkubwa, maana tafiti za baadaye hazikuipata faida hiyo, na wale wanaume hawakujipakulia tu wapendavyo katika wiki za mapumziko. Chakula chao kilipangwa ili uzito usipande wala usishuke. Unatosha kuonyesha kwamba kupumzika si lazima kuharibu.

Neno "kilipangwa" ndilo linalotenganisha kusimama na kula hovyo. Wale wa Birmingham, watu 272 kwa jumla, hawakuambiwa wapungue. Kundi lililosaidiwa liliambiwa lisizidi nusu kilo juu ya uzito wa kuanzia. Walipewa vidokezo kumi vya kula na kutembea, orodha ya picha inayoonyesha chakula fulani kinahitaji mazoezi ya kiasi gani, na agizo la kujipima angalau mara mbili kwa wiki. Wakamaliza wakiwa wamepungua kilo 0.13, maana yake walibaki palepale, huku wenzao wakipanda zile 0.37. Kujipima mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kunasaidia kwa sababu mruko wa siku moja unapata mwenzake wa kulinganishwa naye, na vile vijiko vinne vinaonekana kabla havijawa kilo.

Mengine ni ya mezani. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu mwenye nia njema kabisa: anashinda na njaa kutwa ili "aweke nafasi" ya mlo wa usiku. Anafika mezani mikono ikitetemeka, sahani inajaa vya kukaanga kabla mboga haijafika, na dakika 20 ambazo tumbo linahitaji kuuarifu ubongo kuwa limeshiba zinamkuta yuko sahani ya pili. Afadhali ale mlo wake wa asubuhi na wa mchana kama siku nyingine. Aanze na mboga na nyama au maharage, nusu ya sahani iwe mboga, kisha achukue kile kimoja anachokingoja mwaka mzima na akile taratibu, amekaa, bila kujificha. Soda na pombe ndizo za kuangaliwa kwanza, kwa kuwa hazishibishi. Pombe pekee ina kalori saba kwa gramu, karibu mara mbili ya sukari. Na anayepika ajue kwamba kuonja kila chungu na kumaliza makombo ya watoto nako ni kula.

Si kila mtu ushauri huu unamfaa ulivyo. Anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, asibadilishe ratiba ya mlo bila kuongea na daktari wake, na aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji anaweza kudhurika na mizani kuliko kusaidika. Wapo pia ambao utaratibu usiobadilika ndio unaowapa utulivu. Hao wakaze, na wasiitwe wachoyo wa furaha.

Udhaifu halisi wa kusimama uko mwishoni mwake. Washiriki wa Wing na Jeffery walipangiwa wiki ya kurudi, lakini anayesimama nyumbani kwake hapangiwi na mtu. Kwa hiyo tarehe iandikwe kabla msimu haujaanza, iwe siku mbili au tatu baada ya sherehe ya mwisho na si "mwaka mpya ukitulia", na siku hiyo mtu arudi kwenye mlo uleule aliokuwa akila kabla, kwa mwendo uleule wa nusu kilo kwa wiki, bila mfungo wa kufidia.