Dagaa juu ya rauta

Mi naedit video za harusi, nakaa kwa shangazi hapa Kirumba, Mwanza, mafaili nayahamisha kwa waya toka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia rauta ya gigabiti (kaboksi ka mtandao ka spidi kubwa). Harusi moja GB 40 huwa inaenda dakika sita hivi. Siku hiyo inaniambia saa nzima, megabaiti 11 kwa sekunde, na bwana harusi anapiga kila baada ya dakika kumi, kaka vipi, kaka vipi.

Nikazima rauta nikawasha. Nikabadili chaneli ya waifai toka 6 kwenda 11, halafu ndo nakumbuka natumia waya, waifai inahusikaje sasa (msinicheke, nilishachanganyikiwa). Nikaishika rauta, ya moto balaa, na ina kaharufu flani hivi. Nikasema basi hii imeungua. Boda mpaka mjini, elfu tisini ikanitoka, narudi na mpya nachomeka, megabaiti 11 vilevile.

Aisee nilitaka kulia. Nikaanza kuufuata waya kwa mkono taratibu, kufika nyuma ya kabati nakuta umetafunwa, alama za meno kabisa. Sasa gigabiti inataka nyaya zote nane za ndani, zikibaki nne ndo inashuka mpaka megabiti 100 kwa sekunde, yaani ndo zile megabaiti 11 zangu, na huyo mtafunaji alikata za bluu na za kahawia akaziacha za chungwa na kijani, yaani utadhani alisomea. Bora angekata zote ningejua mapema.

"Shangazi, humu ndani kuna panya?"

"Panya atoke wapi mwanangu, na paka wa jirani anashinda humu."

"Anafuata nini humu?"

Shangazi akaanza kuangalia dirishani. Kumbe tangu mvua zianze dagaa wake wa soko la Mwaloni hawakauki nje, akagundua kale kaboksi kangu kana joto zuri, basi nikitoka tu anatandaza gazeti juu anaanika, maji ya dagaa yanachuruzika mpaka kwenye waya. Paka angefanyaje?

Waya mpya elfu tano. Dakika sita, faili hilo limeenda. Nikiwa namtumia bwana harusi meseji aje, shangazi akapita, akaweka kiganja juu ya rauta mpya, akakiacha hapo kidogo.

"Mbona hii haipati moto kama ile?"