Walihesabu shashi ngapi?

Mama mdogo alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Tuliambiwa upasuaji umekwenda vizuri, na siku ya nne akarudi nyumbani na mfuko wake wa dawa. Wiki ya tatu tumbo likaanza. Akirudi kliniki anaambiwa ni gesi. Akirudi tena anaambiwa ni UTI, maana huku kwetu ni nadra mtu kutoka hospitali bila UTI, na akiwa na bahati anaongezewa taifodi juu yake. Alimeza antibiotiki miezi saba. Magauni yakampwaya, akawa anayabana kwa pini.

Mwezi wa nane akapelekwa hospitali nyingine, akapigwa utrasaundi, akafunguliwa upya. Daktari alipotoka alituita pembeni, mimi na baba mdogo, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayetaka kukopa hela: "Wazee, tumekuta shashi."

Kipande kizima cha shashi, kile kitambaa cha kufyonzea damu wakati wa upasuaji, kilikuwa kimejikunja tumboni, kimezungukwa na usaha. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wakaandika kwamba mgonjwa ameondolewa "kitu kigeni". Nimelifikiria sana hilo neno. Kigeni, kana kwamba kilipanda basi chenyewe kikabisha hodi.

Majirani walipokuja kumjulia hali, walisema neno moja: tumshukuru Mungu. Na kama angefariki, tungesimama kaburini tuseme ile nyingine, kazi ya Mungu haina makosa. Naiamini. Ila sikuwa na swali na kazi ya Mungu. Swali langu lilikuwa kwa yule aliyepewa kazi ya kuhesabu.

Maana kuna mtu hupewa kazi hiyo. Kabla kisu hakijagusa ngozi, muuguzi wa chumba cha upasuaji huhesabu shashi, sindano na vifaa, na idadi huandikwa. Kabla tumbo halijafungwa huhesabu tena. Namba zikilingana, wanafunga. Ikipungua moja, hawafungi mpaka ionekane, iwe imedondoka chini ya meza au imebaki ndani. Ni hesabu ya darasa la kwanza, na uzuri wake ni huo: haihitaji mashine wala bingwa kutoka nje.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakiki katika kila upasuaji. La kwanza kabisa ni kumuuliza mgonjwa jina lake, anafanyiwa nini, na upande gani. Kuhesabu shashi kumo. Watu wengi hawajui kwamba orodha hiyo ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, na pamoja na London, Toronto na Seattle ilikuwamo Ifakara. Ifakara yetu ya mpunga, kule Kilombero. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Yalipimwa hapa, na madaktari na manesi wetu.

Na tulikuwa na sababu ya kuyashika kwa mikono miwili. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Aliyekwenda kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa mguu. Mmoja wao alifariki baadaye. Nchi nzima ilishika mdomo. Miaka kumi ikapita na kidogo, mwanzoni mwa 2018, Nairobi nayo ikapata ya kwake: katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walimfungua kichwa mgonjwa ambaye hakupaswa kufunguliwa, wakatafuta damu iliyoganda wasiione, kwa sababu mwenye damu iliyoganda alikuwa amelala wodini. Mkurugenzi mkuu akapelekwa likizo ya lazima, daktari na wauguzi wakasimamishwa, na madaktari wenzao wakaandamana wakisema kijana wao ametolewa kafara kwa kosa la mfumo mzima.

Mikasa hiyo miwili tunaijua kwa sababu haikufichika. Ukishampasua mtu kichwa badala ya goti, hakuna gesi wala UTI ya kumwambia. Inayonisumbua ni ile isiyo na kelele: mtoto aliyechelewa kutolewa tumboni akazaliwa bila kulia na sasa ana miaka sita hajakaa, mkono uliofungwa plasta ikambana mpaka vidole vikawa vyeusi, dawa iliyotolewa kwa mtu aliyekwisha kusema kwamba inamdhuru. Hizo huishia kwenye kikao cha familia na chai ya maziwa.

Kuna anayeuliza, basi kwa nini hamkushtaki? Nitaeleza, maana watu hudhani mahakama ni mlango ulio wazi na sisi tu ndio waoga.

Madai ya aina hii Tanzania yana ukomo wa miaka mitatu. Miaka mitatu ni mingi kwa mwenye afya. Kwa mtu aliyelala mwaka mzima, akauza shamba kulipia upasuaji wa pili, akaanza kutembea mwaka uliofuata, ni kufumba na kufumbua. Kama hospitali ni ya serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, kisha shauri lenyewe lifunguliwe Mahakama Kuu, si mahakama ya wilaya iliyo karibu na kwako. Halafu unahitaji daktari wa kusimama kizimbani aseme mwenzake alikosea. Mahakama zetu zimerithi kutoka Uingereza kipimo cha kesi ya Bolam ya mwaka 1957, kwamba daktari hana hatia ya uzembe ikiwa alifanya kile ambacho kundi la madaktari makini wangekikubali. Kipimo chenyewe hakina ubaya. Lakini huyo daktari makini wa kuja kutoa ushahidi utampata wapi katika mkoa ambao madaktari bingwa wote wamesoma pamoja, wamechangiana harusi, na kesho wanapokeana zamu?

Kesi ya shashi ina nafuu yake. Sheria inakubali kwamba kuna mambo yanayojisemea yenyewe: shashi haiingii tumboni bila mkono wa mtu. Jaji hahitaji profesa kumwambia hivyo. Ila hata jambo linalojisemea linahitaji karatasi ya kuonyesha lilisemwa wapi. Nani alipasua, tarehe ngapi, nani alihesabu, aliandika ngapi. Yote hayo yamo kwenye faili.

Basi twende kwenye faili. Nilimsindikiza mama mdogo mwenyewe mpaka dirishani.

"Mama, faili lako halionekani. Litakuwa kwa daktari."

"Daktari gani, mwanangu?"

"Si ndiyo mpaka tulione faili, mama."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika mshono. Mimi sikucheka. Tulirudi Jumatatu, tukarudi Alhamisi, tukaambiwa mwenye ufunguo wa stoo yupo semina.

Hapo ndipo nilipobadilisha mawazo yangu kuhusu jambo hili zima. Nilikuwa nadhani tatizo letu ni madaktari wazembe na wananchi wasiojua haki zao. Sasa naona mgonjwa aliyeumizwa hushindwa kabla hajafika kwa wakili, kwa sababu habari ya mwili wake iko mikononi mwa yule yule aliyemuumiza. Ni kama kumwachia dereva aliyekugonga achore ramani ya ajali, kisha aende nayo nyumbani kwake.

Angalia kesi ya Bungoma. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye hospitali ya serikali, na badala ya kusaidiwa akapigwa na kutukanwa na manesi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ikampa fidia ya shilingi milioni 2.5 za huko. Ushindi mkubwa, na Katiba yao ya 2010 inayotaja haki ya afya ilimbeba. Lakini kuna kitu wengine hawakuwa nacho: video. Mtu alikuwa na simu. Ukiondoa ile simu, nina hakika tungeambiwa mama alijifungua salama na mtoto yu salama.

Rafiki yangu mmoja ni daktari, na nilipomsomea rasimu ya makala hii alikasirika kidogo. Aliniambia: wewe unakuja na kalamu, mimi usiku nina muuguzi mmoja wa kuhesabu, kupokea simu na kukimbilia damu; nina akina mama watatu wa kupasuliwa na meza moja; umeme ukikatika nashona kwa tochi ya simu. Mkianza kutushtaki, alisema, kila daktari atakuwa anaandika rufaa ya kupeleka mgonjwa mbele ili asife mkononi mwake.

Kwenye usiku wake sina la kubisha. Lakini mpangilio ule haukuwekwa na muuguzi wa zamu, na kwa kawaida sheria humwandama mwajiri kwa kosa la mfanyakazi aliyekuwa kazini. Kesi nzuri ingemuuliza mwenye hospitali kwa nini kulikuwa na muuguzi mmoja. Kwa hiyo kesi hiyo ingemsaidia rafiki yangu kuliko anavyofikiri. Tukinyamaza, kosa la bajeti hubaki kuwa siri ya muuguzi mmoja anayelala nalo.

Na hofu ya kwamba ukweli utaleta mafuriko ya kesi haina mashiko kama inavyosemwa. Kule Marekani, nchi ya watu wanaoshtakiana hata kwa kahawa ya moto, hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan zilianza mwaka 2001 utaratibu wa kumwambia mgonjwa pale wanapokosea, kumwomba radhi na kumpa fidia bila kusubiri hati ya mahakama. Kesi zilipungua. Nadhani ni kwa sababu watu wengi huenda kwa wakili wakitafuta mtu wa kuwajibu, na wakili ndiye wa kwanza aliyekubali kuwasikiliza.

Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu, nisingegusa kiwango cha fidia. Ningetaka kila anayefanyiwa upasuaji aondoke na nakala ya karatasi ya upasuaji: jina la aliyepasua, aliyetoa usingizi, aliyehesabu, na namba mbili za mwanzo na mwisho. Mjamzito anabeba kadi yake ya kliniki toka mimba changa mpaka leba, na hakuna aliyewahi kusema kadi hiyo ni siri ya serikali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zilizo kwa mwingine. Taarifa ya tumbo lako kama si binafsi, sijui ipi ni binafsi.

Mama mdogo hataki kumfunga mtu. Wakili tuliyemwona alimuuliza anataka milioni ngapi, akamjibu kwamba anataka kujua walihesabu shashi ngapi. Wakili akaweka kalamu chini. Akadhani hakumwelewa, akarudia swali. Akajibiwa vile vile: "Baba, kama waliandika kumi mwanzoni na kumi mwishoni, kuna mtu alidanganya. Kama waliandika kumi, kisha tisa, kuna mtu alijua. Mimi nataka kujua ni yupi."

Tumeandika barua mbili, hazikujibiwa. Ya tatu tuliipeleka kwa mkono mwezi uliopita, tumetaja ile sheria ya 2022, tukasubiri mpaka wakagonga muhuri wa kupokelewa. Nakala ameiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja na ile karatasi ya kitu kigeni. Miaka mitatu inatimia Machi.