Kilo 91

Shoga yangu aliolewa na Mholanzi akahamia Saba, kisiwa cha kilomita za mraba 13 tu huko Karibi. Akanialika likizo ya Krismasi. "Njoo, ila mikono mitupu sitaki. Niletee sembe, nimechoka na viazi."

Nikatoka Rotterdam na pakiti nne za kilo moja moja. Sint Maarten, pale pa kubadilishia ndege, nikasikia mizigo inapimwa kwa ukali. Mtoto wa Tanga nikajiona mjanja. Nikavaa koti la baridi kwenye jua lile, pakiti mbili mfuko wa kulia, mbili wa kushoto, nikawa natembea kama punda wa chokaa.

Begi likapita. Nikatabasamu. Dada wa kaunta akasema, "Sasa wewe, panda."

Kumbe kindege cha abiria 19 kinapima na watu! Nami nilishamtajia kilo 74. Mzani ukasema 91, foleni nzima inatazama. Sembe kilo nne, koti tuseme mbili. Zilizobaki naomba tusizijadili.

Safari yenyewe ni kama robo saa. Marubani wako wazi mbele yako, kwa hiyo nikaona yote: mlima umechomoka baharini, na ubavuni, juu ya mwamba, kiwanja cha mita 400. Huku mwisho bahari, huku mwisho bahari. Tena pamechorwa X kubwa, kama mwalimu aliyekosesha hesabu. Baadaye niliambiwa ni onyo kwa marubani wasio na kibali cha kutua pale. Mimi nilielewa kwamba jibu ni kosa.

Upepo ulikuwa unatupiga makofi. Bibi wa kiti cha pembeni alikuwa anadarizi lesi, kazi ya wanawake wa Saba tangu karne ya 19. "Pepo za Krismasi," akasema bila kuinua macho. "Kila Desemba zinakuja, mwezi wa pili zinapoa."

"Hata kwetu ipo kaskazi," nikajidai. Lakini kaskazi yetu huleta majahazi. Hii ilitaka kuturudisha tulikotoka.

Tulipokaribia, bawa moja likazama, injini zikanguruma, tukapaa tena. Nikajikumbatia na koti langu, nikatoa shahada kwa sauti. Bibi akakata uzi kwa meno.

Mara ya pili tukatua, breki zikashika, tukasimama. Abiria wakashuka kama watu wa daladala.

Nikatokea mlangoni. Sikujua kwamba katika kule kujikumbatia pakiti mbili zilipasuka. Upepo ukaingia ndani ya koti, koti likatuna kama tanga, na mifuko ikamwaga wingu jeupe moja kwa moja usoni kwa mzee wa zimamoto aliyeninyooshea mkono anisaidie kushuka. Akapepesa macho mara mbili. Masharubu yake yalikuwa meusi alipokuja kazini.

Nje ya uzio shoga yangu analia. Nikadhani ni furaha ya kuniona.

"Sembe yangu!"

Siku ya kuondoka nilikuta kijana wa mzani ananingojea, mkono ameshaunyoosha.

"Koti kwanza, mama."